Mama Shofere na Gari Iliyoinama

Alikuwa akiingia garajini kwangu huku injini bado inanguruma, anashuka, anaacha mlango wazi, na kabla hajamsalimia mtu anachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Anaingiza mkono kati ya mpira na bodi, vidole vimenyooka. Mkono ukipita wote, uso wake unalegea kidogo. Ukikwama kwenye viungo vya vidole, mimi na wenzangu tunajua kwamba leo hatutafanya kazi ya mtu mwingine.

Nikimwambia, "Mama, habari ya asubuhi," anajibu, "Bado." Ukimuuliza afya, bado. Ukimuuliza watoto, bado. Mwanzoni nilidhani hanisikii vizuri. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa na subira ya kusikiliza swali mpaka mwisho, na aliona "bado" ni neno linalofaa karibu kila mahali.

Jina lake sitaliandika. Kuanzia bandarini mpaka ng'ambo ya mto Lukuga watu walimwita Mama Shofere, yaani mama dereva, na sidhani kama wengi waliwahi kujua jina lingine. Nilimfahamu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo sikumwona akikaa kitako kwa hiari yake popote isipokuwa nyuma ya usukani. Garajini nilikuwa na benchi la wateja. Yeye alilitumia kuwekea mkoba, mwenyewe akizunguka: anachungulia injini ya mtu mwingine, anamuuliza mwenyewe kwa nini ameiacha ichakae hivyo, anapanga upya spana zangu kwa ukubwa, anatoka barabarani kuangalia kama kuna mtu anamtafuta, anarudi. Wateja wengine wakiona gari yake, ile jipu, imeegeshwa mlangoni, walipita moja kwa moja kama watu waliokumbuka shughuli ya haraka.

Dakika tulizopumua zilikuwa za sala. Alitoka katika familia zile za Kiislamu za zamani hapa ziwani, na saa ikifika aliomba ndoo ya maji na kona safi niliyomtunzia nyuma ya stoo ya vipuri. Tulizima redio. Tulifanya kazi kwa utulivu mpaka tuliposikia viatu vyake vinarudi, na swali lilelile: "Sasa fasi iko wapi?"

Fasi, kwa Kiswahili chetu cha huku, ni mahali. Hakupenda fundi anayemtajia majina ya vyuma. Ukianza kumweleza mambo ya valvu na nyaya anakukatiza: "Usiniambie kitu inaitwa namna gani. Niambie fasi iko."

Gari yenyewe iliingia mkoani na bosi mmoja wa machimbo kule Manono. Bosi alipoondoka gari ikabaki, ikapita mikononi mwa watu kadhaa, ikamfikia yeye. Haikuwa na resori za chuma, yaani springi, kama gari nyingi za hapa. Kila gurudumu lilibeba mfuko wa mpira uliojaa hewa. Kuna pampu ndogo ya umeme, kompresa, inayoijaza ile mifuko kupitia vijipaipu vyembamba vyeusi, na kwenye kila gurudumu kuna kipimo kinachoangalia gari iko juu kiasi gani. Upande mmoja ukishuka, kompresa inaamka na kuunyanyua. Vitu hivyo vyote vikiwa vizima, mtu aliyelala nyuma anapita juu ya shimo bila kujua kama ni shimo.

Kwa sababu hiyo Mama Shofere aliipenda gari ile kuliko alivyowapenda ndugu zake, na ndugu zake walijua. Jumamosi alibeba maharusi. Siku nyingine zote alibeba watu wasiotakiwa kutikiswa: wanawake waliokaribia kujifungua, wazee waliovunjika nyonga, mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo. Manesi wa vituo vya afya vya mitaani walikuwa na namba yake ya simu. Alikuwa ameng'oa viti vya nyuma, akamwita mchomeleaji, akatengenezewa ubao mrefu wenye godoro, umeshikiliwa na vyuma viwili vilivyochomelewa kwenye bodi, juu kidogo ya magurudumu. Jumamosi ubao unatolewa, viti vinarudishwa, maua yanafungwa mbele. Jumapili ubao unarudi.

Maharusi aliwagombeza. Bibi harusi akiacha unga wa poda kwenye kiti, ataambiwa mbele ya wasimamizi wake. Nilishuhudia bwana harusi mmoja akishushwa kwenye kona ya kituo cha reli kwa sababu alipiga mlango kwa nguvu. Alirudishwa ndani baada ya kuufungua na kuufunga tena kwa ustaarabu, suti yake ikiwa imeingia vumbi. Wagonjwa hakuwagombeza hata siku moja. Hakuwafariji pia. Aliangalia mbele, akaendesha, na akifika alisaidia kubeba miguu, kisha akaanza kutafuta kitambaa cha kufutia ubao.

Ndugu zake walifanya biashara ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma, kama walivyofanya baba zao. Binti yake aliolewa hukohuko. Yeye boti hakupanda. Binti alipiga simu, alituma picha za watoto, aliwatuma hata wakwe waje kumshawishi, na yeye aliwapikia, akawalisha vizuri, akawasindikiza mpaka bandarini, akageuza gari. Nilimuuliza siku moja anaogopa nini, mtu aliyezaliwa kando ya maji. Akaniambia, "Maji haina freni, Fundi." Hakutaka kukaa ndani ya kitu asichoweza kukisimamisha mwenyewe.

Sasa niseme habari za ugonjwa wa gari, kwa kuwa ndio uliotuunganisha na ndio uliokaribia kututenganisha.

Ulianza kidogo. Alikuja asubuhi moja akasema gari imelala. Nilienda kwake nikaikuta imeinamia upande wa kulia nyuma, bodi imegusa mpira, kama ng'ombe aliyeanza kulala akabadilisha mawazo. Niliiwasha. Kompresa ikanguruma, gari ikapanda polepole, ikakaa sawa. Nilipaka povu la sabuni kwenye mfuko wa hewa nikisubiri mapovu yanionyeshe tundu. Hayakutoka. Lakini mpira ulikuwa na nyufa za uzee, nikamwambia ni mfuko. Ndugu zake wakaleta mwingine kutoka Kigoma, nikaufunga, gari ikasimama vizuri. Nilijisifu kidogo mbele ya wenzangu.

Haikupita wiki, akarudi. Mkono ulikwama kwenye viungo.

Kuanzia hapo tuliingia kwenye msako usiokwisha. Niliona mkono wa kile kipimo cha urefu umepinda kwa matope, nikaunyoosha. Nilifungua valvu zinazogawa hewa, nikakuta unyevu na kutu, nikazisafisha. Kila nilichokigusa kilikuwa na kasoro ya kweli, na kila kasoro niliyoiondoa ilileta nafuu ya siku chache. Kisha kompresa yenyewe ikaanza kunuka moto. Ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika, inajaza hewa inayotoroka, na pampu ya namna ile haikutengenezwa kwa kazi ya kutwa nzima.

Jambo lililonitia wazimu ni hili: gari ikilala garajini kwangu, asubuhi naikuta imesimama wima. Ikilala kwake, mara imesimama, mara imelala. Nilimwambia labda uwanja wake una mteremko. Akamwita mtu, akasawazisha uwanja. Gari ikalala. Akaniambia labda mimi naiamkia alfajiri naijaza upepo ili nimwonyeshe kwamba kazi yangu ni nzuri. Nilikasirika, na siku hiyo hatukuagana.

Mafundi wenzangu wote walikuwa na jibu moja. Ng'oa mifuko, weka resori za chuma, mambo yaishe. Hata mimi nilifikia hapo. Resori zilipatikana kutoka Lubumbashi, za ukubwa uleule, na nilimweleza kwamba akizifunga hatanijia tena garajini kwa habari hii mpaka mwisho wa maisha yake. Alisikiliza akiwa anatembea kutoka kwenye mlango mpaka kwenye pipa la mafuta machafu na kurudi.

"Umeshabebwa mu gari na tumbo ya miezi tisa, weye?" aliniuliza.

Nikasema hapana, Mama.

"Basi nyamaza na resori yako."

Kwa hiyo tuliendelea. Nilichofanya, kwa kuogopa kompresa isije ikafa siku mbaya, ni kukata vipaipu viwili vya magurudumu ya nyuma na kuunga kwenye kila kimoja valvu ya kawaida, ile ya tairi. Hivyo hata kompresa ikifa, kwado yeyote wa barabarani, mtu wa kuziba pancha, angeweza kuijaza gari upepo kama anavyojaza tairi ya pikipiki. Haukuwa ufundi wa kujivunia. Mama Shofere alizitazama zile valvu, akazigusa, akasema zinafanana na kidonda kilichoshonwa vibaya. Lakini hakuniambia nizitoe.

Kompresa ilikufa baada ya mvua kubwa, siku ya kazi, asubuhi. Nilikuwa kwake, nilikuwa nimekuja na mtambo mdogo wa kujazia tairi unaotumia umeme wa betri, nijaze mifuko tuipeleke gari garajini. Simu yake ikalia. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya cha upande wa Kamkolobondo. Kulikuwa na mwanamke kijana, mimba yake ya kwanza, anatoka damu. Alitakiwa kufika hospitali kuu apasuliwe, na alitakiwa kufika amelala, bila kutikiswa. Gari ya wagonjwa ilikuwa imeenda mbali kuchukua mtu mwingine.

Mama Shofere alinitazama. Nilimwambia gari inaweza kusimama kwa upepo wa valvu zangu, lakini upande wa kulia utashuka njiani, na sijui utashuka baada ya muda gani. Akasema nipande nyuma na mtambo wangu.

Tulimkuta yule mwanamke amelazwa kwenye mkeka mlangoni mwa kituo, mama mkwe wake amemshika kichwa. Tulimhamishia kwenye ubao. Mkunga aliingia akapiga magoti upande wa kichwa; mimi nikajikunja upande wa miguu, juu ya gurudumu la kulia, mtambo mapajani, waya wake umepita mpaka kwenye betri. Mama Shofere aliendesha taratibu kiasi kwamba watu wa miguu walitupita. Barabara ilikuwa imechimbwa na mvua. Alilijua kila shimo, aliliingia kwa tairi moja, akalitoka, akaingia lingine, na mwanzoni yule mwanamke hakutoa sauti.

Kisha nilisikia hewa. Ilikuwa sauti nyembamba sana chini ya zulia, karibu na goti langu. Inakuja gurudumu linaposhuka, inakatika linapopanda. Sikuwa na nafasi ya kuifikiria. Upande wangu ulikuwa unakwenda chini. Tulipofika karibu na soko bodi ilianza kugonga, na kwa kila kishindo mwanamke alilia, na mkunga alisema damu imeongezeka.

Ili kujaza ule mfuko nilihitaji kushuka na kulala chini, gari ikiwa imesimama. Mkunga alisema hakuna kusimama, kila dakika ni dakika. Nikamwambia tukienda hivi tunampiga kwa rungu mpaka hospitali. Tulisema kwa pamoja, kwa sauti, na Mama Shofere hakutujibu hata mmoja wetu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aligeuka nyuma akamtazama mgonjwa.

"Mama," alimwambia yule binti, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, "tusimame ao twende?"

Yule mwanamke alikuwa ameuma kanga. Aliitoa mdomoni. "Tusimame," alisema. "Siwezi tena."

Tulisimama. Nilishuka kwenye tope, nikaunga mtambo, na gari ikaanza kupanda kidogo kidogo, polepole kama kitu kinachofanya makusudi. Watu walikusanyika. Mama Shofere alishuka pia, lakini hakuja kwangu. Alisimama akitazama barabara iliyobaki, mikono kiunoni, akihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nilipopiga bodi kumwonyesha kwamba tayari, alikuwa ameshaingia. Tulisimama tena karibu na daraja la reli, kwa namna ileile. Tulifika.

Mwanamke alipasuliwa na akapona. Mtoto alitolewa akiwa amekufa.

Hakuna aliyetuambia kwamba ni kwa sababu ya kusimama kule. Hakuna aliyetuambia kwamba siyo. Daktari alipita haraka akiwa na kazi nyingine, mkunga alikaa kwenye ngazi na kulia, na mama mkwe akatushukuru kwa adabu ambayo ilikuwa ngumu kuipokea. Gari ilikuwa uwanjani, imelala kabisa upande mmoja. Mama Shofere alikwenda nyumbani kwa miguu. Ni mbali. Alikataa pikipiki.

Kesho yake nilimkuta amefika hospitali kabla yangu, amesimama kando ya gari. Nilikuja na zana. Nilikuwa nimekumbuka ile sauti karibu na goti langu, na kulipokucha nilikuwa tayari na mashaka niliyotaka kuyathibitisha. Nilimwomba alale kwenye ubao, kwa upande wa miguu. Alikataa. Nikamwambia basi akae. Alikaa ukingoni kama mtu aliyekalia jiko. Nikajaza mfuko, nikainua zulia, nikamwaga povu la sabuni.

Mapovu yakatoka hapo hapo, mengi, yakifuatana.

Kimoja cha vile vyuma viwili vilivyobeba ubao kilikuwa na ncha chini yake. Kijipaipu cheusi cha hewa kilipita papo hapo kuelekea kwenye gurudumu. Ubao ukiwa mtupu, chuma kilikaa juu ya paipu bila kuikandamiza, na mpasuko ukafumba. Mtu akilala juu ya ubao, uzito unashuka, ncha inaingia kwenye paipu, mpasuko unafunguka. Akishuka, unafumba tena, lakini safari hadi safari ulikuwa unaongezeka, na kuna siku ulichelewa kufumba. Gari ilikuwa inaugua pale tu ilipobeba mgonjwa. Kwangu garajini haikubeba mtu, ndiyo maana iliamka nzima.

"Fasi iko wapi?" aliuliza.

Nilimshika kidole nikakipeleka. Alikigusa kile chuma, akakifuata kwa kidole mpaka mahali kilipochomelewa, akarudi mpaka kwenye paipu.

"Hii chuma," alisema, "mimi njo nilisema iwekwe hapa. Yule muntu wa kuchomelea alitaka kuweka mbele. Mimi nikasema hapana, isukume nyuma, kichwa ya mugonjwa isiguse kioo."

Nilianza kumwambia kwamba hata mimi nilipita juu ya zulia lile mara nyingi bila kulifunua. Hakuwa ananisikiliza. Aliomba msumeno wa chuma. Nilisema nitakata mimi. Akanyoosha mkono, akasubiri mpaka nikampa.

Alikata mwenyewe. Alipiga magoti ndani ya gari, mtandio umeanguka mabegani, akakata kwa hasira mwanzoni, halafu kwa kuchoka, halafu kwa mwendo mmoja usiobadilika. Wauguzi walipita na kumtazama. Chuma kilipokatika kiganja chake kilikuwa kimechubuka. Alikifunga kwa kile kitambaa cha kufutia ubao, akachukua kipande cha chuma, akaingia wodini.

Nilimfuata kwa sababu niliogopa. Sikujua anakwenda kufanya nini. Yule mwanamke alikuwa amelala upande wa dirisha, mama mkwe kando yake, mume amesimama. Mama Shofere aliwasalimia wote watatu, salamu kamili, ya afya na ya usiku ulivyokwenda, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Alitoa pole. Kisha akaweka kile chuma juu ya shuka na kuwaeleza. Aliwaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi: hewa inapita wapi, chuma kiliwekwa na nani, kwa nini gari ilishuka, kwa nini tulisimama. Hakuongeza wala kupunguza. Hakuomba radhi pia. Alipomaliza akabaki amesimama, anasubiri.

Mume alikiangalia chuma bila kukigusa. Mama mkwe aliinamisha kichwa. Aliyesema ni mgonjwa mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwa kuwa mshono ulimvuta.

"Ungenibeba na gari gani ingine, Mama?"

Mama Shofere alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema bado. Akachukua chuma chake, akatoka, akanipita mlangoni bila kuniona.

Nilibadilisha paipu yote, nikaipitisha mbali na ubao. Vyuma vilichomelewa upya mahali pengine, na chini yake nikaweka vipande vya mpira. Kompresa ikapatikana. Gari haikuinama tena upande ule. Nilitegemea sasa atatulia, kumbe alizidi. Alikuwa akisimama katikati ya barabara, na bibi harusi ndani, akashuka kupima kwa mkono. Alikuja garajini mimi nikiwa na gari za watu wengine zimefunguliwa matumbo, akataka niinue zulia nimwonyeshe paipu, niliyokuwa nimemwonyesha juzi. Niliinua. Mwanzoni kwa kunung'unika, baadaye niliacha zulia bila gundi ili iwe rahisi. Anatazama, anaondoka, anarudi baada ya siku chache.

Kazi aliendelea nayo. Ndiyo, hata upande ule wa Kamkolobondo. Mkunga yuleyule aliendelea kumwita. Kitu kimoja kilibadilika. Kila alipopakia mtu, kabla ya kuondoka aligeuka na kumuuliza mgonjwa kama amelala vizuri, na hakugeuza ufunguo mpaka ajibiwe. Mtu akishindwa kusema kwa maumivu, alisubiri atikise kichwa.

Macho ndiyo yaliyomtoa barabarani. Alianza kuyaona mashimo yakiwa mawili pale penye moja, na akawa anakwepa yote mawili. Jipu lilinunuliwa na mtu wa Kiambi aliyekuwa na shughuli za samaki. Sikumwona siku gari ilipoondoka, na kwa muda mrefu sikumwona kabisa. Niliambiwa yuko tu nyumbani. Nilipanga kwenda kumsalimu, na nikawa na kazi, na kazi nyingine.

Msimu wa mvua uliopita alitokea garajini alasiri moja kwa miguu. Alikuwa amepungua mwili. Aliuliza kama nina gari inayotembea. Nilimwonyesha pikapu yangu. Alipanda mbele, upande wa abiria, akafunga mlango, akaniambia twende.

Nilidhani anakwenda dukani au msibani. Tulishuka mpaka bandarini, akasema tupite. Tulipita kituo cha reli, tukavuka daraja, tukafika Lubuye mpaka pale ziwa lilipopanda likala nyumba za watu. Akatazama kuta zilizobaki majini, akasema tugeuke. Nilimuuliza tunaenda wapi.

"Tembeza tu," alisema. "Ku nyumba ni kimya."

Alikuwa ameshika simu mkononi, ile ya zamani yenye vitufe, kioo kimepasuka. Akanieleza, bila mimi kuuliza, kwamba usiku halali. Anajilaza, anasikia kama simu inalia, anaamka, hakuna kitu. Siku hizi vituo vinaita watu wengine, pikipiki zenye vitanda, gari za mashirika. Ni vizuri, alisema. Wagonjwa wanafika. Lakini mwili wake haujaambiwa. Ukifika muda fulani unaamka wenyewe na kutafuta viatu.

"Nani anapiga siku hizi?" nilimuuliza.

"Njo binti yangu tu. Anapiga kuuliza kama nimekula."

Nilitaka kumjibu kitu kizuri, na nikawa nakitafuta huku nikikwepa wanafunzi waliotoka shule. Tulichukua njia ya uwanja wa ndege. Pikapu yangu inaruka, milango inalia, na nyuma kulikuwa na kriki ya kuinulia gari na mapipa matupu yakigongana. Nilipopata la kusema na kumgeukia, kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo cha mlango. Mdomo umefunguka kidogo. Simu ilikuwa imemtoka mkononi ikaangukia kwenye mikunjo ya kanga.

Nilipunguza mwendo ili nisimwamshe, na papo hapo akajitikisa, nyusi zikakunjana, mkono ukaanza kupapasa. Nikarudisha mwendo. Akatulia.

Nilifika mwisho wa lami, nikageuka, nikarudi mjini. Niliwapita watu wanaonijua wakinipungia mkono, sikusimama. Garajini kulikuwa na mtu ananisubiri na gari yake iko juu ya mawe. Nilimwona akinyanyuka kutoka kwenye benchi, nikampita. Kwenye njia inayoingia kwa Mama Shofere niliwasha taa ya kukata kona, kisha nikaizima. Mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka chini ya robo. Nilikadiria yanatosha kwenda tena mpaka uwanja wa ndege na kurudi, labda na kidogo zaidi, nikanyoosha usukani.